Tembo wa Mama Mkubwa

Jina la Mzee wa Kuchomoa nilipewa na jamaa mmoja wa Mombasa ninayecheza naye mpira wa kompyuta usiku. Anayejua gemu anaijua tabia hiyo: mtu akizidiwa anachomoa waya, kesho yake anasingizia umeme. Shida ni kwamba mimi nilikuwa natoweka nikiwa naongoza. Mabao matatu kwa moja, dakika ya 87, natafuta la nne, nalipata, uwanja mzima unalipuka kwa shangwe, halafu zii. Kioo cheusi, mafeni kimya. Nikiwasha tena nakuta nimeshaandikiwa kushindwa, na ujumbe wa jamaa unanisubiri: "Ndugu yangu, wafunga kisha watoroka? Hebu nenda hospitali."

Mashine yenyewe niliijenga kipande kimoja kimoja kwa miezi minane. Prosesa, ubongo wake, ni Ryzen 5 3600, kadi ya grafiki ni RX 580 ya giga 8, mtumba wa Kariakoo. Muuzaji aliapa kwamba ilikuwa ya binti wa chuo aliyekuwa anaandikia ripoti ya utafiti tu. Kadi ya grafiki, kwa kuandikia ripoti! Nilijua fika kwamba imechimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana mpaka ikatokwa jasho, lakini bei ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa nimeshapenda. Ukishapenda huulizi historia.

Naishi Tabata kwa Mama Mkubwa, na chumba changu hakitoshi kitanda na meza kwa pamoja, kwa hiyo kompyuta ilipewa kona sebuleni. Anayeijua sebule ya Mama Mkubwa anajua kuwa pale kitu kisicho na kitambaa kiko uchi. Televisheni ina kitambaa. Friji lina kitambaa. Makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi. Kuna deki ambayo haijacheza CD tangu nikiwa sekondari, nayo ina kitambaa, na juu ya kitambaa kuna ua la plastiki. Siku niliyoleta kasha langu jeusi lenye ubavu wa kioo, Mama Mkubwa alilizunguka mara mbili, akaniambia, "Hongera sana, baba. Sasa inafunikwa na nini?"

Jioni yake nikakuta limevalishwa mahameli nyekundu yenye pindo la dhahabu, kama jeneza la mfalme.

Juu ya lile kasha kuna mafeni mawili yanayotoa hewa ya moto. Ukiyaziba, joto linarudi ndani. Wiki ya kwanza tu prosesa ikapanda mpaka nyuzi 93, na kikomo chake ni 95. Mafeni yalilia kama mashine ya kusaga. Nikamweleza Mama Mkubwa kwa adabu zote kwamba kompyuta inasikia joto.

"Ina homa?"

"Kama homa, Mama."

"Mwenye homa si hufunikwa?"

Mazungumzo yalichukua siku tatu. Mwisho tukakubaliana: mahameli inatoka, kinaingia kitambaa cha kufuma kwa uzi wa nailoni, kile cheupe chenye matundu ya maua, hewa ipite. Joto likashuka mpaka 76 na nikajiona injinia. Ila sasa hewa ya mafeni ikawa inakipeperusha kitambaa, kinainuka kama shela la bibi harusi pale feri, kinaanguka nyuma ya meza. Mama Mkubwa akaenda kabatini akarudi na tembo. Akamweka juu ya kitambaa, kitambaa kikatulia, mambo yakaisha.

Huyo tembo marehemu Baba Mkubwa alimnunua Mwenge kwa wachongaji, zamani, kabla mimi sijazaliwa. Ni mpingo mtupu, mti ambao ukiutia majini unazama, na kwa kumkadiria mkononi anafika kilo moja na nusu. Ana kasoro moja: mguu wa mbele wa kushoto umezidi wenzake kidogo, kwa hiyo ukimgusa anatikisika, kama mzee anayekubaliana na hoja yako. Nadhani ndiyo sababu marehemu alipunguziwa bei.

Siku mbili baadaye mashine ikaanza kuzima.

Mara ya kwanza nilisema umeme. Taa ilikuwa inawaka, friji linanguruma, lakini nilisema umeme, kwa sababu Dar es Salaam hilo ndilo jibu la kwanza la kila kitu. Mara ya pili nikasema Windows. Nikafuta draiva ya kadi, ile programu inayoiendesha, yote na mizizi yake, nikaweka mpya. Nikacheza mechi mbili, nikafungwa zote mbili, mashine haikutikisika. Nikatangaza ushindi kwenye kundi letu la WhatsApp. Usiku uleule nikapata timu dhaifu, nikaitandika matatu ndani ya kipindi cha kwanza, na la tatu lilipoingia wavuni, zii.

Nikaingia Event Viewer, lile daftari ambamo Windows huandika maovu yake. Nikakuta mstari mwekundu: Kernel-Power, namba 41. Maelezo yake kwa Kiswahili yanasema kwamba mfumo umewaka upya bila kuzimwa kwanza kwa utaratibu. Asante sana. Hilo hata Bi Mdogo alikuwa analijua.

Bi Mdogo ni mjukuu wa Mama Mkubwa. Ana miaka sita, na jina hilo amelipata kwa mdomo wake. Ndiye aliyenifanya, wiki ya kwanza, niiamrishe Windows kwamba kitufe cha kuwashia kikibonyezwa isifanye lolote, maana kile kitufe kiko juu ya kasha, mbele, kinawaka buluu, na yeye alikiona kama pipi. Alikuwa anapita, anabonyeza, anakimbia. Nilipozima hiyo kazi akabonyeza mara tano, akaona hakuna kinachotokea, akaachana nacho. Kumbukeni jambo hili. Mimi nililisahau.

Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu alikuwa daktari. Mmoja akasema piga fomati. Mwingine badilisha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Wa tatu akasema ramu, zile kumbukumbu za mashine, zina kutu, zisugue kwa kifutio cha shule. Wa nne akatuma dua.

Nikaanza na kifutio kwa kuwa ni cha bure. Nikamwazima Bi Mdogo kile chake chenye umbo la stroberi, akanitoza peremende mbili. Namsogeza tembo, nakunja kitambaa, nafungua ubavu, nazichomoa ramu, nazisugua pale kwenye meno ya dhahabu mpaka zinang'aa, nazirudisha mpaka zilie *ka*, nafunga ubavu, natandika kitambaa vizuri pindo lilingane, namrudisha tembo katikati. Taratibu hiyo ya tembo na kitambaa niliifanya kila siku kwa wiki tatu. Naisema kwa mkazo kwa sababu mkono huu huu ndio uliokuwa unamweka.

Kisha nikapima ramu kwa MemTest86, usiku kucha, duru nne. Saa nane Mama Mkubwa akatoka kwenda kunywa maji, akakuta sebule giza, kioo kinamwaga namba.

"Inafanya nini hii?"

"Inapimwa kumbukumbu, Mama."

Akasimama kidogo. "Ikimaliza na mimi wanipime."

Makosa sifuri. Nikahamia kwenye umeme kwa dhati. Nikaazima mita ya fundi jirani, nikapima soketi: volti 228, safi. Nikapima pawa saplai, waya wa manjano kwa mweusi, kumi na mbili nukta moja. Wa manjano unatakiwa ucheze kati ya 11.4 na 12.6, kwa hiyo nao ulikuwa mzima. Nikaona labda unashuka mashine ikielemewa, nikawasha programu ya kuichosha kadi, ile inayozungusha kitu chenye manyoya kama mkia wa komba. Saa mbili nzima. Kadi ikaungua, chumba kikapata joto la tanuri, tembo amesimama hapo juu na kitambaa chake, na mashine haikuzima. Kimya, hakuna sauti hata moja isipokuwa mafeni.

Nilijikuna kichwa. Kadi inapoteswa haizimi. Nikicheza mpira, inazima.

Nikaona pengine kadi inaning'inia, maana zile nzito huinama zikalegea kwenye mpachiko wake. Nikaiwekea nguzo ya chupa tupu ya dawa ya kikohozi. Ilipendeza. Haikusaidia.

Hapo ndipo nilipoibeba mashine kwa bajaji mpaka Kariakoo, nimeipakata mapajani kama mgonjwa. Fundi wangu yuko ghorofani, chumba kimoja chenye mazabodi, zile bodi kuu za kompyuta, zimetundikwa ukutani kama mishikaki. Nikamweleza. Akaniambia, "Iache siku tatu, bosi." Kitambaa na tembo niliviacha nyumbani, nani anabeba tembo kwenda Kariakoo?

Siku ya tatu nikawakuta vijana wake wawili wamevaa hedifoni, wanacheza kwenye akaunti yangu. Walikuwa wameshanishusha daraja.

"Bosi, hii mashine haijazima hata sekunde," fundi akasema. "Tumeinyonga asubuhi mpaka jioni."

"Naona."

"Tatizo ni umeme wa kwenu. Umeme wa Tabata mchafu."

Kwa uchunguzi huo nikalipa elfu thelathini. Kisha, kwa kuwa umeme wa kwetu ni mchafu, nikanunua UPS, lile boksi la betri la kushika umeme ukiyumba, kwa laki mbili na arobaini, ya kuusafisha. Mkoba ukabaki na nauli. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa furaha, nikaiweka UPS chini ya meza, sabufa juu ya meza pembeni ya kasha palepale ilipokuwa siku zote, mashine, kitambaa, tembo. Nikaanza mechi. Bao la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu nilifunga kwa kichwa, nikapandisha sauti, sabufa ikapiga mpaka vikombe vya kabatini vikaitikia.

Zii.

Safari hii monita haikuzima. Iliniandikia tu kwamba hakuna mawimbi. UPS nayo, chini pale, taa yake ya kijani inanitazama bila aibu. Laki mbili na arobaini. Umeme upo, safi kama maji ya chupa, na mashine imekufa.

Bi Mdogo alikuwa kwenye kochi na daftari lake la kuchorea. Akasema bila kuinua kichwa, "Anko, tembo anatembea."

"Bi Mdogo, nenda kalale."

"Alikuwa kule. Saa hizi yuko huku."

Kweli tembo alikuwa ukingoni mbele, na mimi nilikuwa nimemweka katikati. Nikamwambia, "Na nani amemchezea? Si wewe?" Akanitazama yale macho ambayo watoto huwatazamia watu wazima wasiofundishika, akaondoka. Mimi nikamwinua tembo, nikakifunua kitambaa, nikawasha mashine, nikamrudisha tembo katikati.

Nikafungua daftari langu mwenyewe. Nikaandika kila tukio: saa, joto, mpinzani, matokeo. Baada ya wiki moja nikalisoma nikahisi baridi mgongoni. Mashine ilizima bao la tatu. Mara nyingine la nne. Siku moja la pili, lakini siku hiyo nilikuwa nimeongeza sauti. Nikifungwa mimi, haikuzima kabisa. Usiku mmoja nikajitoa mhanga: nikaingia uwanjani nikamwacha jamaa wa Mombasa anifunge matano, nikarudia, akanifunga sita. Kwa muda wa saa tatu mashine ikakaa kama jiwe. Jamaa akaniandikia pongezi kwa kupona.

Kwa hiyo kompyuta yangu ilikuwa inazima nikishinda. Niambieni, kwa ugonjwa huo unaenda kwa fundi gani? Ukimwambia fundi, "Haitaki nifunge," atakuongezea bei kwa huruma. Nilimweleza rafiki yangu mmoja, mtu aliyesoma, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu niliyemwonyesha ile mashine siku naijenga. Nikaanza kuhesabu. Nilikuwa nimewaonyesha watu wote.

Usiku wa Jumamosi, nimechoka, nikarudi Event Viewer. Ule mstari wa 41 una sehemu ya maelezo marefu, na siku zote nilisoma viwili vitatu vya juu: BugcheckCode, sifuri. Sifuri maana yake Windows yenyewe haikuona kosa lolote, na hapo kila mtu humalizia kusoma na kwenda kununua pawa saplai. Safari hii nilishuka mpaka chini, kwa uvivu tu, kidole kilikuwa kwenye gurudumu la kipanya. Mstari mmoja wa huko chini uliandikwa LongPowerButtonPressDetected. Na mbele yake: true.

Nikausoma mara tatu. Kitufe cha kuwashia kimebonyezwa kwa muda mrefu: kweli.

Ile amri niliyoipa Windows inazuia mguso wa kawaida tu. Kitufe ukikishikilia kwa sekunde kama nne, humuulizi Windows wala nani: mazabodi inakata umeme palepale. Nikafungua tukio la jana yake. True. La juzi. True. Matukio kumi na moja, yote true. Kila mara nilipokuwa nashangilia bao, kuna kiumbe kilikuwa kinakishikilia kitufe changu kwa sekunde nne.

Na mimi nilikuwa peke yangu mezani.

Asubuhi nikamwita Bi Mdogo barazani, nikamweka kitako. "Sema kweli tu, sitakugombeza. Usiku huwa unakuja kubonyeza kompyuta?"

"Saa tano usiku mimi nimelala."

"Sasa nani anabonyeza?"

"Mwulize tembo."

Nikamwambia aache masihara, haya ni mambo ya maana. Mama Mkubwa alikuwa anapepeta mchele hapo pembeni. Aliposikia kwamba kitufe kinabonyezwa na hakuna mtu, aliweka ungo chini. Hakusema neno. Alikwenda ndani, akarudi na chetezo, makaa na ubani.

Sikutaka kubisha. Kusema kweli, kufikia hapo sikuwa na hoja. Akalizunguka kasha kwa chetezo, midomo inacheza, na kwa kuwa niliiacha mashine ikiwaka, mafeni ya mbele yakauvuta moshi wote ndani, ukazunguka nyuma ya kioo cha ubavu, ukatokea juu kwenye matundu ya kitambaa. Tembo akawa amesimama katikati ya wingu kama yuko mlimani alfajiri. Bi Mdogo akapiga makofi. Mimi nilikuwa nawaza ile grisi ya prosesa niliyoibadilisha juzi, sasa ina harufu ya harusi.

Usiku huo nikategesha simu juu ya friji, kamera inatazama kompyuta kutokea juu. Kama ni Bi Mdogo, nitamnasa. Kama ni yule mwingine, bora nimjue. Nikamwomba jamaa wa Mombasa mechi moja. Nikafunga la kwanza. La pili. Nilikuwa nacheza na shingo imekakamaa, nasikiliza nyuma yangu. La tatu. Hakuna kitu. Dakika ya 80 nikafunga la nne, uwanja ukalipuka, sabufa ikatetema.

Zii.

Nikarukia simu. Mama Mkubwa naye alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani, hajalala. Tukakaa kwenye kochi, nikairudisha video mwanzo.

Kutokea juu kila kitu kinaonekana ambacho mimi, nikiwa nimekaa na macho kwenye monita, sikukiona hata siku moja. Kitambaa cheupe. Chini ya kitambaa, mbele, duara dogo la buluu: kitufe. Katikati, tembo. Bao la kwanza likaingia, sabufa ikapiga, meza ikatetemeka, na tembo, kwa ule mguu wake mrefu, akaanza kutikisa kichwa. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alipomaliza kukubali alikuwa amesogea upana wa kidole. Meza yenyewe imeinama mbele kidogo, uzi wa nailoni unateleza kama kambale. Bao la pili, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kidole kingine. Nikifungwa mimi, uwanja unanyamaza, naye anasimama anapumzika. Bao la tatu likamfikisha ukingoni mwa lile duara. Tukawa tumeacha kupumua, Mama Mkubwa na mimi, na tulikuwa tunajua mwisho. Bao la nne. Mguu wa mbele wa kushoto ukateleza juu ya taa ya buluu, taa ikafunikwa, kilo moja na nusu ya mpingo ikaegemea.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kwenye video nasikika nikisema neno ambalo silirudii hapa. Mama Mkubwa aliligombeza palepale kwenye kochi, kana kwamba nimelisema upya.

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Marehemu alikuwa anasema," akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, "alikuwa anasema huyu tembo hataki makelele." Bi Mdogo akaamka kwa kile kicheko, akaja anasugua macho, akaonyeshwa. Alitazama mpaka mwisho bila mshangao wowote. "Nilisema," akasema, akarudi kulala.

Niliituma Mombasa. Jibu likachukua dakika mbili: "Hata mnyama amechoka na uchezaji wako."

Fundi wa Kariakoo sikumtumia. Nilitaka kudai elfu thelathini zangu, lakini nikawaza nitaanzaje. Yeye alisema mashine nzima, na ni kweli mashine nzima. Kifutio kilikuwa kizima, ramu nzima, kadi nzima, umeme wa Tabata msafi. UPS ninayo, inatumika kuchajia simu za watu wa nyumba nzima, na mtaa ukizimika tunaweza kutazama taarifa ya habari.

Kilichobaki kilikuwa tembo. Nikapendekeza arudi kabatini. Mama Mkubwa akauliza kitambaa kitashikwa na nini. Nikapendekeza kitu kingine kizito, akaniuliza kama na mimi naona marehemu amekaa sana pale juu. Nikalifuta pendekezo. Nikajaribu kumwekea kipande cha mpira chini ya ule mguu, nimekikata kwenye soli ya zamani, asiteleze. Akakiona asubuhi akifagia. "Unamvalisha tembo kandambili?"

Basi nikalimaliza ndani. Waya za vitufe zinaingia kwenye mazabodi kwa vijiti viwili viwili, vya kuwashia na vya riseti. Nikauchomoa waya wa kitufe kikubwa nikauacha unaning'inia, nikauchukua ule wa riseti nikauchomeka pale pa kuwashia. Sasa kitufe cha buluu kimekufa ganzi, tembo akipenda alale juu yake. Kompyuta naiwashia riseti, kijitufe kidogo kama punje ya choroko, kiko juu hukohuko lakini nyuma, upande wa ukutani, mbali na njia yake. Mwezi mzima mashine haijazima. Nimepanda daraja. Jamaa wa Mombasa siku hizi ananiita Mzee wa Tembo, na mechi ikinoga ananiuliza mnyama amefika wapi.

Jumapili iliyopita Mama Mkubwa alitoka na Bi Mdogo kwenda Mwenge, wakarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Bi Mdogo ndiye aliyekuwa amelalamika kwamba tembo anatembeatembea kwa sababu ya upweke. Akakifungua mwenyewe: tembo jike, mpingo, mdogo kidogo kuliko wa marehemu. Mama Mkubwa akampangusa kwa kanga, akampandisha juu ya kitambaa, akamweka nyuma, upande wa ukutani, wasibanane.

Nimemwangalia miguu. Ni myembamba.